Ukuta wa Waliorudi

Habari kwamba kamati ya urithi ingekuja Jumamosi ilimkuta Breki barazani, suruali ameikunja hadi magotini na miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji moto. Binti yake, fundi cherehani, ndiye aliyeupokea ujumbe kwenye simu. Alisimamisha cherehani yake, akausoma kwa sauti.

"Baba, yule dada mtafiti ameandika. Wanakuja keshokutwa asubuhi, na mwenyekiti wao. Anasema mzee usiwe na wasiwasi, uwaeleze tu kama ulivyomweleza yeye."

"Keshokutwa hii?"

"Kuna nyingine?"

Breki alitoa miguu kwenye beseni kabla maji hayajapoa, jambo ambalo hakulifanya hata siku bati la jikoni lilipong'olewa na upepo. "Mama watoto!" akaita. "Njoo usikie. Wageni wanakuja na mahali pote pamekaa kama banda la kuku."

Hapakuwa na mtu katika nyumba zile za laini, safu ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, asiyejua maana ya ugeni huo. Mgodi ulikuwa umefungwa zamani, lakini wazee waliostaafu waliendelea kukaa katika nyumba za kampuni kwa sababu hakuna aliyewaambia watoke. Sasa kampuni mpya ilikuwa imenunua lundo la mabaki ya mawe lililosimama nyuma ya nyumba, ikitaka kuyasaga upya na kukamua madini yaliyosalia. Mashine za kusagia zilihitaji uwanja, na uwanja ulikuwa ni pale walipolala watu. Notisi ilikwishabandikwa kwenye mlango wa kila nyumba. Lilibaki tumaini moja tu: kamati ikiandikisha mgodi kuwa urithi, yaani mnara wa chuma, nyumba ya winchi, ujia wa wachimbaji na nyumba za laini, basi tingatinga lisingegusa hata tofali.

Mtafiti ndiye aliyewaletea tumaini hilo. Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vikubwa, aliyezunguka siku nzima na Breki akipima hiki na kuuliza kile. Mnara aliutazama, akaandika. Winchi aliitazama, akaandika. Lakini alipofika kwenye ujia unaotoka mdomoni mwa shimo kwenda chumba cha taa za wachimbaji, aliacha kuandika.

Ukuta wa ujia ule ulikuwa mweusi kwa viganja vya mikono. Mchimbaji alipopandishwa kutoka chini, akiwa bado ana grisi na vumbi la jiwe mkononi, aliupiga ukuta kofi moja akipita. Hakuna aliyejua nani alianza. Ilikuwa ni kusema nimerudi. Viganja vilipandana juu ya viganja, vikubwa na vidogo, vingine vimeteleza, vingine vimekaa sawasawa kama vimechorwa.

"Minara nimeiona mingi," mtafiti alimwambia mkubwa wake kwenye simu, akidhani mzee hasikii. "Ukuta kama huu sijauona popote."

Breki alisikia. Moyoni alifurahi, na hapohapo aliona haya kidogo, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa ndio mchafu kuliko zote katika mgodi mzima.

"Tutaanza na ujia," alimwambia mkewe jioni ya siku ile ujumbe ulipofika. "Tuusugue, tuupake chokaa. Winchi nitaipaka rangi mwenyewe."

Mkewe alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama. "Ungempigia kwanza yule binti."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Umuulize. Kwamba tunataka kusafisha, je, ni sawa?"

"Mke wangu, mimi mtu mzima nimpigie mtoto wa watu nimuulize namna ya kupokea wageni? Atanionaje? Kama ameupenda ukiwa mchafu, atasemaje akiukuta safi?"

"Kuuliza hakukupunguzii kitu, baba watoto."

"Na kutouliza kutanipunguzia nini?"

Mkewe alirudi kwenye viazi vyake. Alikuwa amekaa na mtu huyu muda wa kutosha kujua ni wakati gani maneno yanaingia na ni wakati gani yanagonga bati.

Tena, Breki hakuwa akibuni kitu kipya. Enzi za kampuni, wakubwa walipotangaza kuja, kila kitu kilipakwa chokaa: kuta, mawe ya kando ya njia, mashina ya miti, hadi nguzo za kuanikia nguo. Kitengo kilichokutwa na uchafu kilikatwa marupurupu. Nyumba ya winchi, alikofanya kazi Breki, haikukatwa hata mara moja. Mkubwa mmoja aliwahi kupitisha leso nyeupe kwenye mkono wa breki, akaitazama, akairudisha mfukoni ikiwa nyeupe vilevile. Kisa hicho Breki alikisimulia mara nyingi mno, hata binti yake alikuwa akisogeza midomo pamoja naye.

*

Ijumaa laini nzima ilitoka. Fundi cherehani alitoa pesa aliyokuwa ameiweka ya vitambaa, wakanunua chokaa na debe la rangi ya kijani. Mama yake alichanganya chokaa kwenye pipa, akatia chumvi ili ishike. Wanawake walifagia. Wanaume waliobaki, ambao wengi walikuwa wakifanya kazi kidogo na kupumzika sana, walipewa brashi za waya na maji ya magadi wasugue ukuta wa ujia, kwani chokaa haikai juu ya grisi.

"Breki, umeruka hapo juu!" Aliyesema hivyo alikuwa Kengele, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kazini, Kengele alisimama mdomoni mwa shimo akigonga ishara, na Breki ndani ya nyumba ya winchi aliteremsha na kupandisha kizimba cha watu kwa kufuata mlio ule. Walifanya kazi hivyo hadi mgodi unafungwa, mmoja hamwoni mwenzake. "Au hapo juu umemwachia mwenyekiti?"

"Wewe sugua chini. Mgongo wako si ndio unasema bado kijana?"

"Mgongo haujasema kitu. Anayesema ni mke wangu, naye ananisingizia."

Wakacheka, naye Breki akarudia mluzi aliokuwa akiupiga tangu asubuhi. Mama naye alikuwa ameinama kwenye sehemu ya chini kabisa ya ukuta, kanga ameifunga kiunoni, akisugua kimya.

Kengele alifika kwenye kiganja kimoja, akasita. "Mtazameni huyu. Vidole vitatu. Mnamkumbuka?"

"Kijiko!" akadakia mzee mmoja. "Alikuwa anaupiga ukuta kama anaudai."

"Na alikuwa anakula kuliko wenye vidole vitano."

Walimcheka Kijiko, wakamsema, wakamwombea kwa sababu alikuwa marehemu. Kisha Kengele akabaki na brashi yake hewani. "Tumfute kweli?"

"Tulikuwa tunavifuta kila mwaka," alisema Breki kutoka juu ya ngazi. "Ukipaka Jumatatu, hadi wiki ijayo vimejaa tena. Vitarudi tu."

"Kweli, vilikuwa havikomi," alisema Kengele, akachovya brashi kwenye magadi.

Hakuna aliyeshtuka. Maneno yalikuwa yale yale waliyoyasema miaka yote, yakapita kama yalivyopita siku zote.

Hadi jua linapunguza ukali, ujia ulikuwa mweupe mwanzo hadi mwisho. Winchi iling'aa kijani, na Breki aliupaka mkono wa breki rangi nyekundu ili upendeze. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia, akapiga mluzi tena. Mkewe alimtazama anavyopiga mluzi, naye akatabasamu, akaenda kunawa.

*

Gari la kamati lilifika kabla umande haujakauka. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia pana na sauti ya upole. Breki alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Aliwaongoza kwenye mnara, akaeleza. Wakatikisa vichwa. Aliwaingiza kwenye nyumba ya winchi, na hapo mtafiti alitazama rangi ya kijani, akatazama mkono mwekundu, akageukia mlangoni.

"Twende kwenye ukuta," alisema haraka. "Mwenyekiti, ukuta ndio hasa niliotaka uuone."

Alitangulia karibu kwa kukimbia. Walipomfikia, alikuwa amesimama katikati ya ujia akigeuka huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Mzee," alisema, "viko wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Vile viganja."

"Tumesafisha." Breki alitabasamu, akanyoosha mkono kuuonyesha ukuta wote. "Ulipokuja ulitukuta vibaya. Tumeusugua kwa magadi, tukaupaka. Laini nzima imefanya kazi."

Mwenyekiti alivua kofia. Aliugusa ukuta, akautazama mkono wake uliogeuka mweupe, akaupangusa kwenye suruali. Mjumbe mmoja aligeukia pembeni akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Wakati huohuo mama aliingia na sinia la chai, glasi za kuazima kutoka nyumba tatu zimepangwa vizuri. Hakuna aliyenyoosha mkono. Alisimama nalo pale, mvuke ukipanda usoni mwake, asijue alirudishe au aliweke chini.

"Mmefanya kazi kubwa, mzee," alisema mwenyekiti. Aliyasema kama mtu anavyomsifu mtoto aliyeosha redio kwa sabuni.

Hapo ndipo Breki alipoanza kuelewa. Hakuelewa yote, alielewa tu kwamba tabasamu alilonalo halikuwa mahali pake, lakini hakujua namna ya kuliondoa.

"Mwenyekiti, tusikilizane," alisema mtafiti. "Hata kupaka chokaa ni sehemu ya historia ya hapa. Waliamriwa hivyo kila wakubwa walipokuja. Wametupokea kama walivyofundishwa. Hilo nalo si la kuandikwa?"

"Ni la kuandikwa. Liandike. Lakini siwezi kuandikisha chokaa ya jana kuwa urithi. Mnara upo hapa, na upo kwenye migodi mingine mitano tuliyoitembelea. Ulituambia tuje kwa ajili ya ukuta."

"Nina picha nilizopiga."

"Picha tutazihifadhi. Picha haizuii tingatinga."

Walikunywa chai mwishowe, wamesimama, kwa ajili ya adabu. Mtafiti hakunywa. Alimfuata Breki kando ya pipa la chokaa.

"Kosa ni langu, mzee. Sikuwaambia msiguse kitu. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani mnauona kama ninavyouona mimi."

"Tulikuwa tukiuona kila siku, mwanangu," alisema Breki.

*

Siku iliyofuata hapakutoka mtu wa laini hata mmoja kumsalimia Breki. Si kwamba walimnunia. Walikuwa na shughuli tu, kila mmoja ghafla ana shughuli. Mwanamke aliyekuja kuchukua glasi zake alizihesabu mlangoni. Mteja wa binti yake alilidai gauni lake lililokuwa bado na pini, akisema atashonewa huko waendako, maana mambo sasa yanajulikana. Binti alilikunja gauni, akampa, akazima cherehani.

"Baba," alisema bila kugeuka, "ningekuwa mimi nimepaka ule ukuta, ungenisema hadi wajukuu wasikie."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijasema uniombe radhi. Nimesema tu." Akaiwasha tena, akashona kitambaa kitupu, mstari juu ya mstari.

Mchana Breki alikwenda peke yake kwenye ujia. Chokaa ilikuwa imekauka vizuri; kama kazi, ilikuwa kazi safi. Alitafuta mahali ambapo pengine brashi haikufika. Aliinama, akapanda ngazi, akachungulia nyuma ya bomba. Laini nzima ilikuwa imesugua kwa moyo.

Vitarudi tu. Alijisikia akiyasema, yuko juu ya ngazi, na kwa mara ya kwanza aliyasikiliza. Virudi kutoka wapi? Viganja vilirudi kwa sababu watu walirudi. Kila zamu ilipanda na mikono yake. Shimo sasa lilikuwa limejaa maji hadi karibu na mdomo, na kizimba kilikuwa kimeuzwa vyuma chakavu. Yeye alikuwa amefuta mikono ya watu akiwasubiri waje waipige upya.

Alisikia mtu nyuma yake. Ni Kengele, mkononi ana kopo.

"Hii nini?"

"Grisi. Nimeitoa kwenye magurudumu ya mnara." Kengele aliliweka kopo chini, akapandisha mikono ya shati. "Tuna grisi, tuna vumbi, tuna mikono. Mwenyekiti hajaandika bado. Tunawaita wazee wote leo, tunaujaza. Tutasema chokaa imebanduka, vikatokea chini yake. Nani atajua?"

Breki alilitazama kopo. Haikuwa kwamba hakutamani. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kopo lile, pamoja na wateja wa binti yake na bustani ya mkewe.

"Walioshuka chini wamebaki wangapi?" aliuliza.

Kengele alifikiri. "Yupo yule wa mwisho wa laini. Haoni."

"Mwingine?"

"Mwingine hayupo."

"Mimi nilikuwa kwenye winchi, wewe ulikuwa kwenye kengele. Sisi ni watu wa juu. Ukuta huu hatukuwahi kuupiga hata siku moja, na ungeupiga ungechekwa. Sasa tuupige leo tuseme tumerudi kutoka wapi?"

Kengele alishusha mikono ya shati, taratibu, upande mmoja kisha mwingine. Alikuwa amekuja kusaidia, na kukataliwa kulimuuma, basi akatafuta cha kurudishia.

"Miaka yote ile," alisema, "hukuwahi kusogeza kizimba hata inchi moja bila mimi kugonga kengele. Watu walikusifu kwa hilo. Siku moja tu, Breki. Siku moja ukaamua kwenda bila ishara."

Aliokota kopo lake, akaondoka. Lilikuwa kweli, ila Breki alijua kuwa ishara ilikuwapo. Ilikuwa imegongwa jikoni kwake, katikati ya viazi.

*

Uamuzi ulikuja kama ulivyotarajiwa. Mtafiti alikuja mwenyewe kuwaambia badala ya kuandika, akapokewa kwa heshima, akalia kidogo kwenye kiti cha plastiki, na mama akamfuta machozi kwa upindo wa kanga kana kwamba ndiye atakayehama. Kampuni mpya iliwapa muda wa kufungasha na lori la kubebea mizigo, si zaidi. Nyumba hazikuwa zao.

Binti alipata chumba kimoja upande mwingine wa mji, karibu na kituo cha mafuta. Wangekaa humo wote watatu na cherehani hadi wapate pengine. Breki aliiambia familia kwamba chumba ni kizuri, kina dirisha. Hakuna aliyempinga. Lilikuwa ni jambo jipya ndani ya nyumba ile, watu kutompinga, naye aligundua kuwa halipendezi hata kidogo.

Kilichomsumbua zaidi ni mkewe. Tangu Jumamosi ile hakuwa amesema neno juu ya ukuta. Alipika, alifua, alipanga vyombo kwenye maboksi, alimwuliza kama miguu inamuuma. Kila jioni Breki alikaa akisubiri aambiwe nilikuambia, naye akalala bila kuambiwa. Ilikuwa ni sawa na kungoja kupigwa sindano ilhali muuguzi ametoka nje.

Siku ya lori Breki na mkewe walikuwa nyuma yake wakifunga godoro kwa kamba. Dereva alikuwa mbele akisikiliza redio. Binti alikuwa ndani akiikumbatia cherehani, hataki mtu mwingine aibebe.

"Uliniambia nimpigie," alisema Breki.

"Nilikuambia."

"Haya, sema basi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Umekaa na maneno siku zote hizi, nayaona yamekujaa. Nisemee nyumba. Nimekutoa kwenye nyumba."

Mkewe alipitisha kamba chini ya godoro. "Nyumba ni ya kampuni, baba watoto. Siku moja tungetoka. Nyumba nimeshaililia, nimemaliza."

"Sasa ni nini?"

Mkewe aliweka mkono juu ya godoro. Kisha akasema, "Kaka yangu alikuwa kwenye ule ukuta."

Breki alimtazama. Shemeji yake alikuwa mchimbaji, kila mtu alijua; alimpandisha na kumteremsha mara zisizo na idadi hadi mgodi unafungwa, kisha kifua kikamlaza kitandani akafa, watoto wangali wadogo. Lakini kwamba naye alipita kwenye ujia ule akiwa na grisi mkononi kama wenzake, hilo halikuwahi kumjia akilini.

"Ulijuaje kuwa ni chake?"

"Kilikuwa chini kuliko vyote. Si alikuwa mfupi? Na kidole gumba kimepinda. Nilikuwa nikienda kuchota maji napita pale. Sikuwa nasimama wala nini. Napita tu, nakiona." Alilainisha kitambaa cha godoro ambacho hakikuwa na mkunjo. "Hakuna picha yake, unajua. Aliogopa kamera."

"Ijumaa ile..."

"Ijumaa nilichukua sehemu ya chini. Sikutaka akisugue mtu mwingine."

Redio ya dereva ilikuwa ikitangaza bei za kitu fulani. Breki alishika ubavu wa lori.

"Mke wangu, kwa nini hukusema? Neno moja tu. Ningeacha."

"Ulikuwa unapiga mluzi," alisema mkewe. "Tangu mgodi ufungwe sijakusikia ukipiga mluzi."

Akampa ncha ya kamba. Breki aliivuta hadi godoro likabonyea katikati, akaifunga, akaijaribu kwa mkono, akaifungua, akaanza kuifunga upya.